Insta Imehamisha Vitu: Fundi wa Darajani Awajibu Wasomaji

Barua za safari hii zimekuja na kilio kimoja, Insta imehamisha vitu. Anayeuza hajui aposti wapi, anayetazama hajui jamaa zake wamekwenda wapi, na hapa dukani kwangu Darajani watu wananiwekea simu mezani wakidhani imeingia maji. Haijaingia maji. Instagram imekuwa ikipangwa upya tangu mwaka 2025. Mwezi wa Januari viboksi vya picha kwenye ukurasa wa mtu viliacha kuwa mraba vikawa virefu, Agosti ikaja sehemu ya kuona marafiki wamependa nini, halafu vitufe vya chini navyo vikabadilishana nafasi. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna barua nyengine nyingi nisizozichapisha.

Assalaam alaykum Bi Fundi. Mimi nauza halua hapa Wete, biashara ya marehemu baba. Ukurasa wangu una wafuasi elfu nne na kidogo. Zamani nikiposti sinia la halua, laiki mia tatu, na oda nazipakia melini. Sasa picha ile ile inapata laiki thelathini. Kitufe cha kujumlisha pale chini katikati sikioni tena. Mmoja kanishauri nilipie tangazo, mwengine kaniambia nibandike hashitegi thelathini. Nishike lipi?
*Muuza halua, Wete*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Tuanze na kitufe, maana hicho ni chepesi. Kwenye simu nyingi zinazopita mikononi mwangu alama ya kujumlisha imepanda juu kushoto, ukiwa ukurasa wa mwanzo. Ukiikosa hapo, fungua ukurasa wako mwenyewe, utaiona juu. Pale chini katikati sasa pamekaa kile kindege cha karatasi, yaani ujumbe, na jirani yake zimewekwa video fupi wanazoziita Reels. Sababu wenyewe hawakuificha: watu wengi siku hizi wanaingia Insta kutazama video na kutumiana faraghani, kuliko kupitia picha za waliowafuata.

Sasa laiki. Hujaadhibiwa, na hakuna aliyekufungia. Tangu 2016 Insta iliacha kupanga posti kwa saa zilizowekwa, ikaanza kumpangia kila mtu kwa kukisia kipi kitamkalisha. Kilichozidi sasa ni nafasi wanayopewa watu usiowafuata. Kwa hivyo mteja wako wa Dar aliyekufuata zamani anaweza kupitisha wiki nzima asikuone, na mtu wa Muscat ambaye hajapata kulisikia jina lako akakuona leo asubuhi kabla ya chai. Wewe bado unafanya kazi ya zamani, ya kuwakumbusha wanaokujua. Hiyo iendelee, lakini kwa wasiokujua itabidi upeleke video.

Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza mapema 2025 mambo matatu yanayopimwa zaidi katika kuamua posti ifike wapi. La kwanza ni muda mtu anaokaa akitazama, la pili ni laiki, la tatu ni kutumiana, yaani mtu kuichukua posti yako na kumpelekea mwenzake. Akaongeza kuwa laiki ina nguvu zaidi kwa wale wanaokufuata, na kutumiana kuna nguvu zaidi katika kukufikisha kwa wageni. Basi kila unapotaka kuposti jiulize: nani atamtumia nani hii, na kwa sababu gani?

Sinia la halua iliyokwisha kupoa hakuna anayemtumia mwenzake. Ni picha nzuri, mtu ataipenda, atapita. Lakini ile saa mwiko unapoanza kuwa mzito, watu wanapokezana jikoni, jasho linawatoka, samli inaanza kujitenga pembeni ya sufuria na iliki inatiwa, hiyo Mpemba aliyeko Dubai ataitia kwenye kundi la ukoo bila kuombwa na mtu. Na huko kwenye kundi ndiko atakapotokea shangazi wa kuuliza, hivi tukiagiza kilo mbili zitafika kabla ya sikukuu? Hapo ndipo ilipo biashara yako.

Basi ipige hiyo. Simu isimame wima, mtu mwengine aishike, wewe uendelee kukoroga. Usianze na jina la duka wala wimbo, anza na halua inavyodondoka kutoka kwenye mwiko, maana mtu anaamua kukaa au kupita kabla hujamaliza kujitambulisha. Sauti ya jikoni iache kama ilivyo. Tangu Januari 2025 Reels inakubali hadi dakika 3, lakini hujalazimishwa kuzijaza. Kwa halua nusu dakika inatosha. Andika maneno juu ya video yenyewe, kwani wengi wanatazama wakiwa wameifunga sauti, ofisini au ndani ya daladala. Andika bei ya kilo, andika Wete, andika siku unayopakia mzigo.

Na hapo kwenye bei nina neno langu na wafanyabiashara wa visiwa hivi. Huu mtindo wa mtu kuuliza bei akajibiwa "njoo inboksi" nani aliuanzisha? Mteja anaona haya, anahisi atapandishiwa, anaondoka. Wewe unabaki na komenti ishirini za "bei?" na oda mbili. Iandike.

Hashitegi thelathini ni uchafu ukutani. Mosseri mwenyewe amekuwa akisema kwamba haziongezi ufikaji kwa kiasi cha kuzihangaikia, na tangu mwisho wa 2024 mtu hawezi hata kuifuata hashitegi kama anavyomfuata mtu. Weka mbili tatu zinazokuhusu. Kinachosaidia zaidi ni maelezo yaliyoandikwa kwa maneno ambayo mteja mwenyewe angeyatafuta: halua ya Pemba, Wete, oda za Unguja na Dar, oda za harusi. Jina la ukurasa wako nalo liwe na neno halua, si majina ya watoto tu.

Tangazo la kulipia lisubiri. Likifika wakati wake, lipia video ambayo tayari imekwenda vizuri kwa miguu yake, na uchague miji ambayo mzigo wako unafika. Kuonwa na watu elfu kumi wa Brazili ni furaha ya jioni moja.

Sasa lile ambalo hukuniuliza, na nadhani ndilo linalokukosesha pesa. Mtu usiyemfuata akikuandikia, ujumbe wake mara nyingi hauingii kwenye orodha yako ya kawaida. Unakwenda kukaa kwenye chumba cha pembeni cha maombi, na huenda simu isilie kabisa. Gusa kindege cha karatasi, tazama juu ya orodha, utaona palipoandikwa maombi. Ingia. Ukishamaliza humo, shuka chini kabisa, mna chumba chengine cha waliofichwa, ambamo Insta inawatia inaodhani ni wasumbufu. Wamo wasumbufu kweli, lakini nimeshamfungulia simu mpiga piko mmoja tukamkuta humo bibi harusi wa Fuoni na mashoga zake wote, harusi imeshapita, kila mmoja kauliza mara mbili na kukata tamaa. Vyumba hivyo vifungue kila siku baada ya alasiri, kama unavyofunga hesabu.

Mwisho kwako, chukua WhatsApp Business. Ni bure, na inakaa kwenye simu ile ile pamoja na WhatsApp yako ya kawaida, mradi uwe na namba ya pili. Ndani yake unapanga bidhaa zako kwa picha na bei, unaandaa jibu la salamu, na yale maswali unayoulizwa kutwa unayaandikia jibu moja la kuita kwa neno fupi. Kiungo chake kibandike kwenye maelezo ya ukurasa wako wa Insta.

Bi Fundi, mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu. Juzi mkwe wangu kanambia mbele ya watu, "Baba, naona siku hizi unapenda sana video za wale wadada wanaocheza." Kajuaje, wapi kaniona? Simu simpi mtu.
*Mzee, Chake Chake*

Shikamoo mzee wangu. Simu hukumpa mtu, ila Insta imempa habari zako. Ukiingia kwenye Reels kuna sehemu ya marafiki, iliyofunguliwa sehemu nyingi za dunia mwezi wa Agosti 2025, inayokuonesha video ambazo watu mnaofuatana wamezilaiki, na vijisura vyao vikielea juu yake. Mkwe kaona kisura chako, na Mungu anajua kacheka kiasi gani kabla ya kuja kwako.

Fungua ukurasa wako, gusa mistari mitatu juu kulia, tafuta sehemu inayohusu marafiki na shughuli zako kwenye Reels, chagua asione mtu. Basi, yamekwisha. Ila nikukumbushe kwamba laiki haikuwahi kuwa siri tangu siku ya kwanza, jina lako lilikuwa linasomeka pale pale chini ya posti. Ukikipenda kitu na hutaki kusemwa, gusa ile alama iliyo kama utepe wa kuwekea msahafu, ya kuhifadhi. Hiyo unaiona peke yako.

Na kuna kitufe chengine kipya cha mishale miwili inayozunguka. Watu wazima wengi wanakibonyeza wakidhani kinafungua upya ukurasa. Hicho kinaisambaza video kwa wafuasi wako na kuipachika kwenye ukurasa wako. Tafadhali mzee, hicho usikiguse.

Ninasomesha skuli ya sekondari. Insta nilijiunga kwa ajili ya wanafunzi wangu wa zamani na ndugu zangu walioko nje. Sasa nikifungua naona mieleka, wapishi wa India, watu wanaogombana, na bando linakwisha Jumatano. Ndugu zangu hawamo kabisa. Nifute?
*Mwalimu, Mkoani*

Usifute mwalimu wangu. Ndugu zako wamo, ila wamesogezwa nyuma.

Ukiwa ukurasa wa mwanzo, gusa lile neno Instagram lililo juu. Itashuka orodha ndogo. Ukichagua "Following" utaona posti za uliowafuata tu, mpya juu, ya zamani chini, bila mgeni hata mmoja. Hii imekuwapo tangu 2022 na ajabu ni watu wachache wanaoijua. Chini yake ipo "Favorites", ambamo unaweza kuwatia watu hadi 50 unaotaka usiwakose. Watie ndugu humo. Kasoro yake ni kwamba ukifunga programu na kufungua tena inakurudisha kule kwenye mieleka, hakuna njia ya kuiambia ibaki hapo moja kwa moja. Si bahati mbaya hiyo. Wewe ukishaona posti za ndugu zako utamaliza na kuzima simu, na wenye Insta wanaishi kwa matangazo unayopita juu yake.

Kisha nenda kwenye mipangilio, penye mambo ya unachooneshwa. Hapo pana pa kuzuia mapendekezo kwenye ukurasa wa mwanzo kwa siku 30. Zikiisha unaweka tena. Pana pa kuandika maneno usiyotaka kuyaona. Na pana pa kufuta mapendekezo yote yaanze upya kama simu mpya. Hilo la mwisho halirudishiki, kwa hivyo lifanye ukiwa umetulia, na siku chache za mwanzo uwe na adabu ya kidole. Kila unachokikalia kinahesabiwa, hata kama unakikalia kwa hasira. Ukiingia kwenye ugomvi wa watu ukaandika aya nzima ya kuwatukana wapumbavu, Insta inasoma kitu kimoja tu: mwalimu anapenda ugomvi, mleteeni mwengine.

Kuhusu bando, kwenye mipangilio hiyo hiyo iko sehemu ya ubora wa picha na video. Washa ile ya kutumia data kidogo. Video hazitapakuliwa kabla hujazifikia, zitachelewa kidogo kuanza, na Jumatano utaivuka. Mambo mazito yangojee ukiwa penye waifai.

Bi Fundi, nashona kofia za viua. Ukurasa wangu nilioupanga kwa miaka ulikuwa kama kabati la kioo, kila kofia katikati ya boksi lake. Sasa zimekatwa pembeni zote, zinaonekana kama mikate iliyoumwa. Wateja wangu wengi ni wa Oman na Mombasa na wanapita ukurasani kabla ya kuagiza. Nizifute nianze tena?
*Mshona kofia, Mwanakwerekwe*

Usifute hata moja kaka yangu, laiki na komenti za miaka ndizo ushahidi wako kwamba watu walilipa na wakapata.

Kilichotokea ni kwamba boksi la ukurasani sasa lina upana wa 3 kwa urefu wa 4. Picha yako ya mraba ikitiwa humo, Insta inaijaza juu hadi chini na kukata kushoto na kulia, na kofia ni kitu cha mviringo kinachofika ukingoni. Picha yenyewe haijaguswa, mtu akiifungua anaiona nzima. Nenda kwenye kila posti, gusa nukta tatu, tafuta pa kurekebisha muonekano wa ukurasani, uisogeze au uifanye iingie yote. Usihangaike na posti zote. Rekebisha safu nne za juu, maana ni wachache wanaoteremka zaidi ya hapo.

Halafu bandika posti tatu zikae juu daima. Insta inaruhusu tatu, na wengi wanazipoteza kwa picha zao wenyewe wakiwa Forodhani. Ya kwanza kwako iwe ya kupima kichwa: utepe unapita wapi, juu ya masikio kwa kiasi gani, andika kwa sentimita. Mtu wa Salalah hawezi kuja kujaribisha. Ya pili iwe bei kwa aina ya kazi na muda wa kungoja, maana kofia ya mkono si ya kesho, na mteja akijua mapema hakusumbui. Ya tatu iwe kofia moja tangu kitambaa kitupu hadi inapofuliwa na kutiwa wanga.

Picha mpya piga simu ikiwa wima. Kamera nyingi za simu zinatoa umbo hilo hilo la 3 kwa 4 bila kufanya lolote, na tangu 2025 Insta inalipokea bila kulikata. Acha nafasi kidogo kila upande wa kofia. Kofia nyeupe juu ya ukuta mweupe wa chokaa inapotea, mimi ningeiweka juu ya mkeka wa ukili wenye rangi, barazani, alasiri jua likiwa limelala, kwa sababu mwanga unaotoka ubavuni unaonesha kila tundu la kiua lilivyozungushiwa uzi. Jua la saa sita linaifuta kazi yako yote.

Kwenye posti moja sasa unaweza kutia hadi picha 20, lakini kwako nne ni nyingi. Kofia nzima, kisha viua kwa karibu kabisa, kisha kofia kichwani mwa mtu, kisha ndani yake. Hiyo ya ndani ndiyo itakayokuuzia. Kazi ya mashine na kazi ya mkono juu zinaweza kufanana kwa asiyejua, ukizigeuza kila kitu kinasema chenyewe. Na mtu akiipita posti yako bila kuisogeza, mara nyengine Insta humrudishia tena ikianzia picha ya pili, kwa hivyo ya pili usiifanye ya kujazia.

Nimetumiwa ujumbe kwamba Insta mpya inataka nihakiki akaunti ndani ya saa 24, la sivyo inafutwa. Una kiungo cha kubonyeza na nembo kabisa. Nimeogopa.
*Mama mjasiriamali, Paje*

Umefanya vyema kuogopa, sasa usibonyeze. Instagram haimwandikii mtu kwenye ujumbe wa kindege kumuomba nywila, hata siku moja. Hawa wezi wanajua kuna mabadiliko na watu wamechanganyikiwa, ndiyo maana wanatumia neno "mpya". Ikiwa ni barua pepe na una shaka, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya nywila na usalama. Ipo orodha ya barua pepe ambazo Insta imekutumia hivi karibuni. Isiyokuwemo humo si yao.

Ukiwa hapo hapo washa uhakiki wa hatua mbili, yaani anayeingia aombwe na namba ya pili juu ya nywila. Watakupa namba za akiba za kuingilia siku simu ikipotea. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo, jamani. Ziandike kwenye karatasi, uziweke unapoweka hati ya kiwanja. Nawaona wanaodondosha simu majini, pwani ya mwani pale kwenu kila maji yakijaa kuna simu inayokunywa, na akaunti ya sabuni za mwani yenye wateja wa Ulaya inapotea kwa kukosa namba za karatasi.

Dada, mimi natembeza wageni Nungwi. Nimegeuza akaunti iwe ya biashara na nyimbo zote kali zimetoweka. Na rafiki zangu wananambia Insta imekwisha, nihamie TikTok. Wewe unasemaje?
*Kijana, Nungwi*

Nyimbo zimetoweka kwa sababu wenye haki za muziki hawakuziruhusu kutumika kutangazia biashara, kwa hivyo akaunti ya biashara inapewa maktaba nyembamba. Ukitaka, rudi kwenye akaunti ya mtayarishaji maudhui, ambayo inabaki na takwimu zako na nyimbo nyingi zaidi. Lakini ukiuliza mimi, mgeni anayepanga kuja Nungwi ana wimbo huo huo kwenye video mia. Upepo wa kaskazi, fundi anapogonga kalafati kwenye jahazi pwani, sauti yako ukieleza maji yanajaa saa ngapi na kwa nini muondoke asubuhi, hivyo hana. Zungumza Kiingereza chako kama kilivyo, na kama unajua Kiitaliano cha wageni wako, zungumza hicho.

Hakuna haja ya kuhama. Video moja iweke kote kuwili, ila uipakie ile ya asili kutoka kwenye simu. Ukiishusha kutoka TikTok ikiwa na nembo yake pembeni ukaileta Insta, hawaipendekezi kwa wageni, wameshalisema hilo tangu 2021. Ukurasa wa kwanza wa TikTok nao umejaa wageni, kwa hivyo la wafuasi kutokuona utalikuta huko pia.

Ndiyo maana kila mgeni aliyepanda chombo chako na kushuka akiwa amefurahi, kabla hajaondoka pwani, mpe namba yako ya WhatsApp aihifadhi, nawe uihifadhi yake, kwa ridhaa yake. Halafu tengeneza orodha ya matangazo, inachukua hadi watu 256. Miezi kabla ya msimu watumie picha moja ya bahari na bei zako mpya, wawape jamaa zao wanaopanga safari. Hakikisha tu wameihifadhi kweli, uiangalie ikiingia kwenye simu zao ukiwa nao hapo mchangani, kwa sababu ujumbe wa orodha haumfikii asiye na namba yako.